Kona ya Wasio na Mgombea

Kila baada ya miaka minne wanatugundua upya. Katikati hapo tunakaa na nguruwe wetu na mahindi yetu na hakuna mtu wa maana anayekumbuka Iowa iko wapi, halafu ghafla wagombea urais wamejaa kwenye mgahawa wa Lois, wanakula mkate wenye nyama ya nguruwe iliyopondwa mpaka imezidi sahani, wanajifanya ndicho walichokulia. Wanashika watu mikono. Wanauliza bei ya mbolea na hawangojei jibu. Na sisi, watu wazima wenye akili zetu timamu, tunapanga foleni kupiga nao picha. Nasema sisi kwa sababu nimo. Mimi ni mwenyekiti wa mkutano wa Wademokrati katika kata yetu hapa Norgaard, na kazi hiyo nimeifanya tangu kichwa changu hakijaingia mvi.

Kwenye majimbo mengi mchujo wa kumpata mgombea wa chama ni kura ya siri, mtu anaingia nyuma ya pazia na kutoka. Sisi tunapiga kura kwa miguu. Unaingia ukumbi wa michezo wa shule jioni ya baridi kali, unasimama kwenye kona ya mtu wako, na jirani yako anakuona, na mkwe wako anakuona, na yule wa benki anakuona. Kundi lisilofikia asilimia kumi na tano ya waliohudhuria linavunjwa, watu wake wanabembelezwa na makundi mengine, kisha tunahesabu tena na kumgawia kila mgombea wajumbe wa kumwakilisha mkutano wa kaunti. Mwisho kabisa yanakuja maazimio. Hapo mwananchi yeyote anaruhusiwa kusoma ombi lake, na likipita linapelekwa mkutano wa kaunti mwezi Machi, na huko nako likipita linaweza kufika kwenye ilani ya chama.

Kwenye maelezo ni jambo zuri sana. Shida ni kwamba wajumbe wakishagawanywa, ukumbi mzima unachukua makoti. Ndivyo tulivyo. Kila mkutano nawaambia jamani kaeni, kila mkutano nabaki na mtu wa kufagia na watu wawili watatu wanaotafuta glavu zao, na maazimio husomewa viti.

Mdogo wangu Twyla Brandvold ndiye aliyekuwa na azimio mwaka huu ninaousimulia. Mtu wa mbali angedhani ni mwanamke anayechukia bunduki. Twyla amekua na bunduki ndani ya nyumba kama nilivyokua mimi. Majira ya mavuno yakiisha anaingia kwenye mabua ya mahindi na mumewe Gene na mbwa wao, na ndege akiruka mbele yake amekwisha. Lakini alikuwa na binti, Janae, na Janae aliolewa na Trent Vogler. Trent akawa anampiga. Janae akahama, akaenda kwa hakimu, na hakimu akatoa amri: Trent asimkaribie, na bunduki zake azisalimishe. Amri hiyo nimeisoma kwa macho yangu. Ilisema azisalimishe. Haikusema kwa nani, wala nani aende kuzichukua kama hakuzileta.

Sherifu, yule mkuu wa polisi wa kaunti, alisema anangoja mahakama imwagize. Mahakama ikasema hiyo ni kazi ya sherifu. Trent hakuzipeleka popote, na kabla wiki haijaisha alimpiga Janae risasi kwenye maegesho ya duka la vyakula, mchana kweupe, mifuko bado iko mikononi. Baadaye kila ofisi ilitoa taarifa ya masikitiko.

Azimio la Twyla lilikuwa sentensi moja. Hakimu akiamuru mtu asalimishe bunduki, atajwe afisa kwa jina, na afisa huyo aende kuzichukua siku hiyohiyo. Basi. Hakutaka za jirani, hakutaka za wawindaji, hakutaka za mtu yeyote ambaye hakimu hajamtaja. Nimelisoma mara nyingi nikitafuta uwendawazimu uko wapi, sijauona mpaka leo.

Seneta Whitcomb Sayles, mmoja wa wagombea hao, alilisikia azimio hilo mwezi wa tisa, alipokuja kwa Lois na wapiga picha wake. Twyla alimweleza akiwa amesimama, sahani mkononi. Sayles akamshika mikono yote miwili, macho yakamlowa, akasema jambo hilo atalishughulikia siku yake ya kwanza ikulu. Wiki iliyofuata akampandisha jukwaani. Mwezi uliofuata uso wa Twyla ulikuwa kwenye vipeperushi, na kila mji aliokanyaga Sayles alilitaja jina la Janae, kati ya habari za mafuta ya magari yatokanayo na mahindi na habari za bima ya afya. Mimi mtu yule hakunikaa moyoni tangu mwanzo. Machozi yanayotoka kamera ikiwashwa nayajua, nimelea watoto wanne. Lakini Twyla alimwamini, akatembea mlango kwa mlango kwenye theluji kumtafutia watu, na watu walimfungulia kwa sababu ni yeye.

Juma la mwisho kabla ya mkutano wagombea walikuwa na mdahalo kwenye televisheni. Twyla na Gene walikuja kwangu, nikapika maharage ya nyama ya kusaga yenye pilipili, na mikate ya mdalasini ya kulia, kama ilivyo kawaida. Kulikuwa na Gavana Penhallow, aliyekuwa akiongoza kwenye kura za maoni huku mashambani, na akamrukia Sayles: kwamba Sayles anataka serikali iingie nyumba za watu kuwapokonya silaha. Nikamwona Twyla anasogea mbele kwenye kiti. Huu ndio ulikuwa wakati wa Sayles kuisema ile sentensi moja.

Sayles akatabasamu. Alisema yeye amekua akiwinda na baba yake. Halafu akaitazama kamera na kusema, polepole, kama mtu anayemtuliza mtoto: "Niwahakikishie Wamarekani wenzangu. Nikiwa rais, hakuna mtu atakayekuja nyumbani kwako kuchukua chochote."

Watu ukumbini wakapiga makofi. Twyla akaweka kijiko chini. Nikaiambia televisheni maneno ambayo mchungaji wetu asingependa kuyasikia, na Gene akainuka kwenda kuwaangalia mbwa, ambao hawakuwa na shida yoyote.

"Labda hakuwa anasema mambo yetu," Twyla akasema.

"Alisema hakuna mtu na hakuna nyumba, Twyla. Ya Trent ni nyumba au si nyumba?"

Alichukua simu na kumpigia Meredith Pruitt.

Meredith ndiye aliyekuwa akiongoza kampeni ya Sayles katika kaunti yetu. Aliletwa kutoka Washington, mwanamke wa makamo, mwepesi wa kucheka, buti zake za theluji bado zina mng'aro wa dukani. Kesho yake alikuja kwa Twyla na boksi la maandazi ya sukari, akakaa mezani, akatueleza mambo yalivyo. Baada yetu kuna majimbo mengine, alisema, na kule kuna masikio mengine. Moyo wa seneta haujabadilika hata kidogo. Yale yalikuwa maneno ya mdahalo tu, na mtu akishinda ndipo anaweza kufanya mazuri aliyoyakusudia. Aliyasema kwa upole, na nadhani aliyaamini, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi.

Kisha akafika kwenye kilichomleta. Jioni ya mkutano Twyla ndiye angesimama kusema kwa niaba ya kundi la Sayles. Aseme juu ya Janae, aseme uchungu wa mama, aseme usalama wa familia. Lile neno la kuchukua bunduki aliache.

"Nikisema mwanangu alikufa na nisiseme alikufaje," Twyla akamwambia, "si nitakuwa namzungumzia mtoto wa mtu mwingine?"

Meredith akamshika mkono. Azimio lina wakati wake, alisema, pale mwishoni, na hakuna atakayemzuia kulisoma lote kama lilivyo. Nikacheka. Nikamwambia bibie, mwishoni huwa hakuna mtu. Akasema watu wa Sayles watabaki wote mpaka azimio lipigiwe kura, ametoa ahadi, na ahadi yake ni ahadi. Mwishowe Twyla akakubali: yeye hatasema lile neno, na wao watakaa. Nilimtazama mdogo wangu nikataka kumtikisa mabega, lakini azimio lilikuwa lake na mtoto alikuwa wake.

Jioni ya mkutano baridi ilikuwa ya kung'oa masikio na bado watu walijaa. Makoti yalirundikwa kwenye mabenchi ya watazamaji, buti zikaacha madimbwi kwenye sakafu ya mpira wa kikapu, na akina mama wa kanisa walikuwa na kahawa na keki mlangoni. Niligonga meza, nikasoma kanuni, nikawaambia wakasimame na watu wao.

Kona ya Penhallow ilijaa kwanza. Msemaji wao alikuwa Arden Kjelland, mwenye duka la bunduki mkabala na benki. Watu wa nje hushangaa Arden kuwa Mdemokrati, kwa kuwa chama chetu ndicho kinachodai sheria kali za bunduki. Babu yake alikuwa, baba yake alikuwa, na Arden si mtu wa kubadilisha hata njia ya kurudi nyumbani. Bastola ya Trent ilinunuliwa kwake, miaka kadhaa kabla, kwa vibali vyote. Mji mzima ulijua hilo. Twyla na yeye hawakuwa wamesemeshana tangu mazishi, na Norgaard si mji ambao ni rahisi kumkwepa mtu.

Kona ya pili ilikuwa ya mwanamama mmoja gavana wa zamani ambaye walimu walimpenda. Kona ya tatu ilikuwa ya Sayles, na ile ya nne, chini ya goli, ni ile tunayoiacha kila mara kwa wasiotaka mgombea yeyote. Kanuni inawapa haki ya kusimama pale na hata kupata mjumbe wakitosha. Sijawahi kuwaona wakitosha. Mara nyingi husimama pale mwalimu mmoja mstaafu anayependa kubishana, na mwaka ule alikuwa na mafua, kwa hiyo ilikuwa tupu.

Nikahesabu. Kundi la Sayles lilivuka asilimia kumi na tano kwa watu wawili tu, na nusu ya kundi zima walikuwa wamegongewa mlango na Twyla. Meredith alikuwa akihesabu pia, midomo ikicheza, na alipoona wametosha alifumba macho kidogo kwa furaha. Kisha akageukia kundi lake na kusema kwa sauti ya furaha, nami nikiwa pale pale na karatasi yangu ya hesabu, kwamba wakishahesabiwa mara ya pili tu wapite mlango wa nyuma, mabasi yako nje yanaunguruma, seneta anawangoja hotelini makao makuu ya kaunti, na televisheni ya taifa itakuwepo.

"Na azimio?" Twyla akauliza.

Meredith akamgusa bega. Alisema kamera hazingoji, mpenzi, lakini yeye Twyla anaweza kubaki alisome, gari litamfuata baadaye. Alisema kama mtu anayekumbushwa mwavuli aliousahau. Nilitaka kumpiga na ubao wa karatasi. Badala yake nilifanya kazi yangu, nikatangaza kwamba sasa wasemaji wa makundi wazungumze kabla ya hesabu ya pili, nikamwita Twyla Brandvold kwa ajili ya Seneta Sayles.

Alitembea mpaka katikati ya ukumbi. Alikuwa amevaa fulana ya kampeni juu ya sweta, na uso wake mwenyewe ulikuwa kwenye vipeperushi vilivyobandikwa ukutani nyuma yake. Kipaza sauti alikisogeza kando.

"Mnanijua," akasema. "Niliwapeleka watoto wenu shule kwenye basi langu. Nimewagongea milango kwa ajili ya Sayles, na mlinifungulia. Leo nimeombwa niseme kuhusu Janae lakini nisiseme kwamba kuna mtu alitakiwa kwenda kuchukua bunduki za Trent na hakuna aliyekwenda. Nikikubali hivyo, niliambiwa, watu wa Sayles watabaki kulipigia kura azimio langu. Nilikubali. Sasa nasikia mabasi yako nje."

Mtoto mmoja alikuwa akidundisha mpira na mama yake akaukamata.

"Simlaumu Penhallow," Twyla akaendelea. "Yeye hakuniahidi kitu. Nawalaumu walioniahidi. Niliwakopesha mtoto wangu, wakamtembeza jimbo zima, na leo wamemshusha njiani kwa sababu kule mbele kuna watu hawatapenda. Simwambii mtu aende wapi. Mimi nakwenda pale."

Akavua ile fulana, akaikunja vizuri kama nguo ya watu, akampa Meredith, na kwenda kusimama chini ya goli peke yake.

Kwa muda hakuna aliyesogea. Watu wetu ni wazuri sana wa kuleta vyakula msiba ukitokea, na ni wabovu kabisa wa kuinua mguu mbele za watu. Walitazama buti zao. Mtu mmoja kutoka kona ya Penhallow akaita, "Twyla, njoo huku, kuna joto," na wachache wakacheka, na Arden akamgeukia na kumwambia afunge mdomo. Ndipo Gene akaondoka kona ya Sayles, akakata ukumbi na kusimama karibu na mkewe. Akafuata Lois wa mgahawani, aliyekuwa amewalisha wagombea wote na kuwachoka wote. Wakafuata madereva wawili wa mabasi ya shule, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na mzee Ebersole ambaye sidhani alisikia vizuri kilichosemwa lakini alimjua Janae tangu mtoto.

Meredith alinijia mezani. Aliniambia nilikuwa na wajibu wa kulinda utaratibu, kwamba yule ni dada yangu na kila mtu analiona hilo, kwamba nimzuie.

"Utaratibu unasema mtu anaweza kuhama mpaka hesabu ya pili," nikamwambia. "Umeusoma?"

"Unajua anachokifanya? Anamzawadia Penhallow kata hii. Penhallow, ambaye hatagusa bunduki hata moja."

"Na wako angegusa ngapi?"

Nikahesabu. Kona ya Sayles haikutosha tena. Kona ya wasio na mgombea haikutosha pia, wala haikukaribia. Kwa mujibu wa kanuni makundi yote mawili yalivunjika, na wale wa Sayles waliobaki wakaanza kuvutwa mikono huku na huku, wengine kwa walimu, wengine kwa Penhallow, wakiwa na nyuso za watu waliokosa basi. Watu wa Twyla walikuja kubembelezwa pia. Wakakataa. Wakaenda kukaa kwenye mabenchi, kando ya rundo la makoti, wasihesabiwe kwa mtu yeyote, na hiyo nayo ni haki yao.

Penhallow alipata wajumbe wengi, walimu wakapata wachache, Sayles hakupata kitu. Arden alichaguliwa mjumbe wa kwenda kaunti. Meredith alikuwa ameshatoka nje na simu yake sikioni, na mabasi yaliondoka nusu tupu. Nasikia hotelini seneta aliwaambia wapiga picha kwamba Norgaard ni mji ulio moyoni mwake.

Kisha nikagonga meza na kutangaza maazimio, na ukumbi mzima ukachukua makoti.

Nilisimama pale nikiwatazama. Nilikuwa nimeshasikia kila mmoja wao akisema, mazishini na kanisani na kwenye foleni ya duka, kwamba kilichompata Janae ni aibu na lazima kitu kifanyike. Walikuwa wanamsikia Twyla saa moja iliyopita wakiwa wamekaza midomo. Na sasa walikuwa wanavaa kofia, wanaulizana nani anamrudisha nani, wanamshika Twyla bega wakipita, "Pole sana, Twyla, umesema vizuri," na kutoka. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ningependa wangekuwa nayo, kwa sababu mwenye nia mbaya unaweza kumgombeza. Walikuwa na mazoea tu, na kwa mazoea hayohayo sherifu alingoja mahakama na mahakama ikamngoja sherifu.

Mlango ulipofungwa tulibaki mimi, watu wa mabenchi, na Arden Kjelland, aliyekaa peke yake upande wa pili, mikono kifuani.

"Umesahau nyumbani ni wapi?" nikamuuliza.

"Nimebaki kupinga," akasema.

Nilimshukuru kimoyomoyo, ingawa nisingemwambia. Twyla akasimama na kulisoma azimio lake. Ilimchukua pumzi moja. Nikauliza wanaokubali, na mabenchi yote yakainua mikono, hata mzee Ebersole. Nikauliza wanaopinga. Arden akainua mkono wake, mrefu, wazi, akauweka juu mpaka nilipoandika.

Azimio lilikuwa limepita, na lilipita kwa sababu moja tu, kwamba wengine wote walikwenda nyumbani. Ningeweza kufunga mkutano hapohapo. Lakini hasira niliyokuwa nimeimeza jioni nzima ilikuwa haina pa kwenda, na ikamwendea yeye. Nikamwambia Arden asimame aeleze mbele ya Twyla kwa nini.

Akasimama. Hakutafuta maneno mazuri. Alisema hataki kuiona siku ambayo polisi atagonga mlango wa mtu kuchukua mali yake, kwa sababu serikali ikishazoea mlango mmoja haitaacha. Alisema anasikitika juu ya Janae, lakini sheria haitungwi kwa masikitiko.

Twyla alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza, bila ukali, "Ile bastola ulimuuzia wewe?"

"Mimi. Kihalali."

"Najua ni kihalali. Nauliza kitu kingine. Hakimu alipomwambia aisalimishe, ulijua?"

"Nilijua baada ya mazishi. Nilisoma gazetini."

"Na kama ungejua siku ileile?"

Arden akaitazama sakafu, kisha akamtazama Twyla, nadhani mara ya kwanza tangu tumzike mtoto. "Ningekwenda kuichukua mwenyewe," akasema. "Trent alikuwa ananiheshimu. Ningemwambia lete, nakutunzia kwenye sefu mpaka mambo yenu yaishe. Angenipa. Sina shaka angenipa, Twyla. Lakini hakuna mtu aliyeniambia."

Lois akaziba mdomo kwa mkono. Gene aliinuka na kwenda kusimama mlangoni, akitugeuzia mgongo. Mimi nilikuwa na mengi ya kusema na yote yalikuwa matusi, na sikujua nimtukane nani, kwa sababu yule mtu alikuwa anasema kweli. Duka lake na nyumba ya Trent ni mtaa mmoja.

"Mimi nilipiga simu," Twyla akasema. "Nilimpigia sherifu. Nilipiga mahakamani. Nilimpigia mbunge, kijana mmoja akaniandikisha jina. Kila mmoja alikuwa mpole na kila mmoja alisema si yeye. Wewe sikukuwaza hata kidogo."

Arden akakaa. Alikuwa na mikono mikubwa na hakujua aiweke wapi. Kisha akanigeukia.

"Marlys," akasema, "niondolee ule mkono wangu."

Nikamwambia kura imefungwa na mkono ulioinuliwa umeshainuliwa. Nilifurahia kumwambia hivyo. Nilitaka aende nao nyumbani, alale nao.

"Mwachie hivyohivyo, dada," Twyla akasema, na kwa sauti yake niliona kwamba hakuwa na furaha kama yangu. Alishuka kwenye benchi na kwenda mpaka alipokaa Arden. "Machi wewe ni mjumbe wa Penhallow. Azimio likifika kule watalitupa, kwa sababu mimi wananionea huruma tu na huruma haina kura. Wewe watakusikiliza. Nataka usimame pale kama mtu aliyelipinga, useme ulichokisema sasa hivi."

"Niseme nini? Kwamba nilimuuzia?"

"Hilo wanalijua. Sema ungekwenda kuichukua. Sema ulikuwa dukani kwako wiki nzima, simu iko mezani, na katika kaunti hii yote hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kukupigia."